Nachagua 29 Februari

Swali lenu la wiki hii linauliza: ukipewa tarehe moja tu ya mwaka uisimulie, utachagua ipi, na ungependa watu waitumieje? Najua majibu mengi yatakuwa ya sikukuu na siku za kuzaliwa. Mimi nachagua 29 Februari, tarehe ambayo kwa kawaida miaka mitatu katika kila minne haimo kabisa kwenye kalenda.

Naipenda kwa sababu tarehe nyingine zote hujifanya zimeshuka kutoka mbinguni. Mtu akikwambia leo ni 12 Agosti, huulizi nani aliamua. Lakini 29 Februari haifichi asili yake. Iliwekwa na watu, tunajua iliwekwa lini, wapi walikosea na nani alisahihisha, na hadi leo wanasheria, waandishi wa programu na familia zilizofiwa bado wanavutana nayo.

Hesabu yenyewe ni fupi. Tangu majira yaanze hadi yarudi palepale hupita siku 365, saa 5, dakika 48 na sekunde zipatazo 45. Zile saa karibu sita hazina pa kukaa, maana hakuna anayetaka mwaka huu uanze saa sita usiku, ujao saa kumi na mbili asubuhi, na unaofuata saa sita mchana. Basi zinaachwa zirundikane, na kila baada ya miaka minne zinalipwa kwa mkupuo: siku nzima. Ndiyo maana sikubaliani na wanaoiita siku ya bure. Ni deni tunalolipa, tena kwa kuchelewa.

Aliyeanzisha malipo haya ni Julius Caesar, mtawala wa Roma ya kale. Kabla yake makuhani wa Roma waliongeza mwezi mzima pale walipoona inafaa, na wakati mwingine "inafaa" ilimaanisha rafiki yao aliye madarakani abaki kidogo zaidi. Kufikia mwaka 46 kabla ya Kristo miezi ilikuwa imeachana na majira kiasi kwamba mwaka huo ulibidi uvutwe hadi siku 445. Kwa ushauri wa Sosigenes, mwanafalaki wa Alexandria, Caesar akaagiza siku moja iongezwe kila mwaka wa nne, kuanzia mwaka uliofuata. Siku hiyo iliwekwa Februari kwa kuwa zamani ndio uliokuwa mwezi wa mwisho wa mwaka wa Kirumi. Tena haikuwa tarehe 29: Warumi waliirudia tarehe 24, ikawa na siku mbili. Caesar akauawa mwaka 44, na makuhani, kwa mtindo wao wa kuhesabu kwa kujumlisha mwanzo na mwisho, wakawa wanaongeza siku kila mwaka wa tatu. Augusto, mtawala aliyemfuata, ndiye aliyelazimika kuirukaruka miaka mirefu (ile yenye siku 366) kadhaa ili hesabu irudi mahali pake.

Hata ilipotulia, haikuwa sahihi. Caesar alilipa saa sita kamili wakati deni lilipungua kidogo, na tofauti ya dakika kama 11 kwa mwaka hufikia siku nzima kila miaka 128. Mwaka 1582 Papa Gregory XIII, akifuata pendekezo la tabibu Luigi Lilio kutoka Calabria, aliamuru 4 Oktoba ifuatwe na 15 Oktoba, na kwamba miaka ya karne isiwe mirefu isipokuwa inagawanyika kwa 400. Ndiyo sababu 1900 haikuwa na 29 Februari, 2000 ilikuwa nayo, na 2100 haitakuwa nayo. Uingereza ilikubali mwaka 1752, Urusi mwaka 1918.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Sweden. Wao waliona kufuta siku nyingi kwa mara moja ni vurugu, wakaamua kuzifuta polepole kwa kuacha kila 29 Februari kuanzia mwaka 1700. Wakaiacha ya 1700. Kisha vita vikawashughulisha, na 1704 na 1708 siku ikaongezwa kama zamani. Matokeo yake kalenda yao ikawa haifanani na ya jirani yeyote, si wa kale si wa kisasa. Mfalme Charles XII akaamua warudi walikotoka, na ili warudi ilibidi mwaka 1712 Februari iwe na siku 30. Aliyezaliwa 30 Februari mwaka ule hakuiona tena tarehe yake maisha yake yote.

Wenye kalenda nyingine wanalipa kwa njia zao. Waethiopia wana mwezi wa Pagume, wenye siku tano, na sita kila mwaka wa nne. Wayahudi huongeza mwezi mzima mara 7 katika miaka 19. Mwaka wa Hijria haujishughulishi na jua hata kidogo, ndiyo maana Ramadhani huzunguka majira yote katika miaka kama 33. Hata hivyo, katika hesabu ya majedwali, mwezi wa Mfunguo Tatu hupewa siku ya ziada katika miaka 11 kati ya kila 30, ili kwenda sawa na mwezi wa angani.

Na mambo yaliyotokea siku hii? Mengi ni ya kawaida, kama ya siku nyingine. Matatu hayanitoki.

La kwanza ni la Jamaica, 29 Februari 1504. Christopher Columbus alikuwa amekwama huko tangu Juni ya mwaka uliotangulia, meli zake zimetobolewa na wadudu wa baharini. Wenyeji, Wataino, walimlisha yeye na watu wake kwa miezi kadhaa, hadi wakachoka, hasa baada ya baadhi ya mabaharia kuasi na kuwapora. Columbus alikuwa na majedwali ya mwanafalaki Regiomontanus, akajua mwezi utapatwa usiku huo. Akawaita wakuu wao akawaambia Mungu wake amekasirika na ataunyima mwezi nuru. Mwezi ukachomoza umeiva wekundu, na chakula kikaletwa. Kisa hiki husimuliwa kama mfano wa werevu. Mimi naona wageni waliolishwa kwa ukarimu wakitumia elimu ya anga kuwatisha wenyeji wao. (Kwa wapenda hesabu: hiyo ilikuwa 29 Februari ya Caesar. Kwa kalenda yetu ya leo ingekuwa 10 Machi.)

La pili ni la mwaka 1940, Los Angeles. Hattie McDaniel alipata tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike, Mmarekani Mweusi wa kwanza kuipata Oscar. Ukumbi ulikuwa wa hoteli isiyopokea Weusi, akaruhusiwa kuingia kwa upendeleo maalumu, akaketishwa kwenye meza ndogo mbali na waigizaji wenzake. Mwanamke Mweusi aliyefuata kushinda Oscar ya uigizaji ni Whoopi Goldberg, mwaka 1991. Katikati hapo zilipita 29 Februari kumi na mbili.

La tatu ni la Agadir, Morocco, mwaka 1960. Tetemeko lilipiga muda mfupi kabla ya saa sita usiku, likadumu kwa sekunde chache tu. Wanaokadiriwa kuwa kati ya 12,000 na 15,000 walikufa, theluthi ya wakazi au pungufu kidogo, na mji ukajengwa upya kusini ya ule wa zamani. Hapa ndipo tarehe hii inaponigusa. Mwaka 1961 haukuwa na 29 Februari. Wala 1962, wala 1963. Lakini usiku ule ulikuwa wa siku za mwanzo za Ramadhani, na Ramadhani huja kila mwaka. Kwa kalenda moja waliofiwa walisubiri miaka minne ili siku irudi, kwa nyingine haikufika hata mwaka mmoja wa jua.

Nalielewa hilo kwa sababu baba yangu mdogo alifariki 29 Februari. Kila mwaka mfupi ndugu hugawanyika. Shangazi anashikilia 28, kwa hoja kwamba mauti yalimkuta nduguye ndani ya Februari na hakubali ahamishiwe Machi. Binamu zangu wanasema tarehe 1 Machi, kwa sababu tarehe 28 marehemu alikuwa hai, tena alikula nao chakula cha jioni. Mpaka sasa tunasoma dua mara mbili, na hakuna aliyeona ubaya wa dua ya pili.

Sheria nazo zimegawanyika hivyo hivyo kuhusu waliozaliwa siku hii. Uingereza na Hong Kong humhesabia mtu kutimiza miaka 18 tarehe 1 Machi, New Zealand tarehe 28 Februari. Gioachino Rossini, mtunzi wa opera, alizaliwa 29 Februari 1792 na katika miaka yake 76 aliiona tarehe yake mara 18, maana 1800 iliiruka. Morarji Desai, aliyekuwa Waziri Mkuu wa India, alizaliwa 1896 na kwa sababu hiyohiyo ya mwaka wa karne alisubiri hadi 1904 kuiona mara ya kwanza. James Milne Wilson, aliyewahi kuwa kiongozi wa serikali ya Tasmania, alizaliwa 29 Februari 1812 na akafa 29 Februari 1880.

Mimi ni mtu wa masijala, nashinda na mafaili, kwa hiyo naijua siku hii kwa upande wake mwingine: ni jinamizi la mifumo. Rafiki yangu mmoja aliyezaliwa siku hiyo aliwahi kuambiwa na fomu ya kompyuta ya shirika moja kwamba tarehe yake ya kuzaliwa si sahihi, na mhudumu akamshauri kwa upole achague nyingine. Wakubwa nao hunaswa. Mwaka 2012 Azure, huduma ya Microsoft ya kukodisha kompyuta kupitia mtandao, ilikwama siku hii kwa sababu programu ilitoa vyeti vya usalama vya kidijitali vya mwaka mmoja kwa kubadilisha namba ya mwaka tu, ikajikuta inaandika 29 Februari 2013, siku isiyokuwepo. Excel, programu ya majedwali ya hesabu, nayo inaamini mpaka leo kwamba 1900 ulikuwa mwaka mrefu. Kosa hilo lilirithiwa kutoka programu ya zamani ya Lotus 1-2-3 ili majedwali ya watu yasivurugike, na sasa kulisahihisha kungevuruga mengi kuliko kuliacha.

Upande wa maadhimisho, Ireland na Uingereza kuna desturi ya mwanamke kumposa mwanamume siku hii. Husemwa iliruhusiwa kwa sheria ya Malkia Margaret wa Scotland mwaka 1288, ila mwaka huo Margaret alikuwa mtoto wa miaka mitano akiishi Norway. Adhimisho ninaloliheshimu ni Siku ya Magonjwa Adimu. Ilianza 29 Februari 2008, ikachaguliwa kwa kuwa ndiyo tarehe adimu kuliko zote. Miaka mifupi huadhimishwa tarehe 28. Bila shaka shangazi angeunga mkono.

Sasa sehemu ya pili ya swali lenu, itumikeje. Kwanza niseme wazi kwamba anayelipwa kwa mwezi hupokea mshahara uleule Februari ikiwa na siku 28 au 29, kwa hiyo ikiangukia siku ya kazi, mwajiri anapata siku moja bila kulipa. Sijawahi kuona chama cha wafanyakazi kikilisemea hili, nami nawachokoza. Lakini sitaki iwe sikukuu rasmi. Zikishaanza hotuba na fulana, siku imeharibika. Ningependa mtu aitumie kumaliza yale madogo ambayo hayana tarehe ya mwisho, ndiyo maana hayaishi: ujumbe wa rafiki uliosomwa ukaachwa, samahani iliyopitwa na wakati kidogo, kitabu cha watu kilichokaa kabatini hadi kimeonekana chako. Ijayo ni Jumanne, mwaka 2028. Wenye vitabu vyenu kwangu, mnajijua.