Shangazi, uji wa watoto na Wabudha wapi na wapi?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Sisi ni kina mama wa kikoba hapa Makorora. Tunataka kuchangia uji wa watoto wa shule ya jirani ambao wazazi wao hawajalipa mchango wa chakula. Kijana wa shemeji yangu, anayesoma chuo Dar, anatuambia tuige Wabudha, eti wana mashirika makubwa ya kulisha wenye njaa. Nijuavyo mimi, Mbudha hukaa kafumba macho, na masikini kwao analipa madhambi ya maisha yaliyopita. Wenzangu wengine wanasema kuiga mambo ya dini ya watu ni kujitafutia balaa. Tushike lipi?
Mama wa Makorora, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Macho wanafumba kweli. Lakini Thich Nhat Hanh, mtawa wa Vietnam aliyefariki 2022, aliona vijiji vyao vikipigwa mabomu miaka ya 1960, akawafunza vijana kwenda kujenga upya nyumba, shule na zahanati, na kutafakari hawakuacha.

Hilo la madhambi, wapo Wabudha wanaolisema. Mtu asiyetaka kutoa hakosi sababu, awe wa dini gani. Ila katika visa vyao wenyewe kuna hiki: Buddha alifika mji wa Alavi kuhubiri. Mkulima mmoja masikini alikuwa amepotelewa na ng'ombe, akamsaka asubuhi nzima, akafika mkutanoni tumbo tupu. Watu wameshakaa zamani, wanasubiri. Buddha alikuwa kanyamaza kimya mpaka huyo afike, na alipofika akaagiza apewe chakula kwanza. Watawa wakanung'unika. Akawajibu kwamba njaa ndiyo maradhi makubwa kupita yote, na mwenye njaa hashiki mafundisho. Ya maisha yaliyopita hakumwuliza.

Kisa kingine nakipenda zaidi, maana kina mtaji ndani yake. Mfalme alitaka kutoa kafara kubwa, na nchi yake imejaa wezi. Mshauri akamwambia: ukiwaua, watakaobaki watakusumbua zaidi. Wape wakulima mbegu, wafanyabiashara mtaji, watumishi ujira. Akafanya hivyo, wizi ukakoma. Hapo ninyi wa kikoba mnajiona, au siyo?

Na huyo kijana wa shemeji yako nadhani alikuwa anawasema Tzu Chi wa Taiwan. Mwaka 1966, katika mji wa Hualien, mtawa wa kike Cheng Yen alianza na kina mama wa nyumbani 30. Kila mmoja alikuwa na kibubu cha mwanzi, na kila siku kabla ya kwenda sokoni anatumbukiza senti 50 za kwao. Wakamwuliza, kwa nini tusilete za mwezi mzima kwa mara moja? Akakataa. Alitaka mtu akumbuke kutoa kila siku, kabla hajashika kapu. Leo shirika hilo linafika nchi nyingi kwenye maafa.

Kuazima kibubu hakumtoi mtu kwenye dini yake. Hapa Tanga sufuria la kukodi linapika pilau ya maulidi leo, kesho liko kwenye kipaimara, na hakuna aliyewahi kuliuliza dini.

Kinachonitia wasiwasi ni namna mtakavyogawa. Juzi nilipita kwenye shule moja wakati wa mapumziko. Waliolipiwa wamepanga foleni na vikombe. Pembeni, msichana mdogo kakaa kwenye bomba: anakunywa maji, anakisuuza kikombe chake, anakunywa tena, kama mtu mwenye shughuli. Msimfanye huyo asimame mbele kupigwa picha na kanga zenu za sare. Fedha mkabidhi kamati ya shule, mdai risiti, uji upikwe sufuria moja na foleni iwe moja.

Kila mama na kibubu chake nyumbani, mia mbili kwa siku, mvifungue pamoja siku ya kikao. Kisha mkawatembelee wazazi wenyewe. Mama anayekaanga samaki kule Sahare, akipata dumu la mafuta kwa mkopo, huenda muhula ujao akalipa mchango mwenyewe. Dumu hilo liandikwe kwenye daftari la mikopo, lisichanganywe na la uji, kwa sababu atataka kulirudisha na ana haki ya kulirudisha.