Ndigana ya ng'ombe haimpati mtoto, ila acheni kupasua kupe kwa kucha

SWALI: Daktari, hujambo. Nafuga ng'ombe watatu wa gredi hapa Ruai na nawalisha zizini. Tangu mvua ya Aprili ianze, kupe wamejaa masikioni na kwenye viwele. Jioni watoto hunisaidia kuwang'oa, tunawapasua kwa kucha. Wiki jana ndama wa jirani alikufa, tukaambiwa ni ndigana kali. Siku hiyohiyo nikamkuta kijana wangu wa miaka minane ana kupe nyuma ya sikio. Je, ndigana itampata? Nimesoma pia kwenye intaneti habari za ugonjwa wa Lyme unaoenezwa na kupe, usingizi ukaniisha. Na maziwa, tuendelee kunywa?

JIBU: Sijambo mama, na pole. Nianze na kilichokunyima usingizi. Ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, haimpati binadamu. Kijidudu chake, Theileria parva, ni cha ng'ombe na nyati. Lyme nayo iweke kando: kupe wanaoieneza ni wa Ulaya, Amerika Kaskazini na Asia, si hawa wa masikioni mwa ng'ombe wako. Maziwa kunyweni, ila yachemsheni, kupe wawepo wasiwepo.

Mimi kilichonishtua ni hizo kucha. Kupe aliyeshiba ni kifuko cha damu. Ukimpasua, uchafu wake unapenya kwenye mchubuko wowote wa kidole au unarukia jicho. Kuna kupe wakubwa wenye miguu ya mistarimistari, jamii ya Hyalomma, wanaobeba virusi vya homa ya Crimea-Kongo. Ng'ombe mwenye virusi hivyo haonekani mgonjwa hata kidogo, lakini mtu huweza kuvuja damu na kufa. Hapa Kenya mgonjwa alithibitishwa mwaka 2000, upande wa magharibi. Ni nadra, sikutishi, lakini ugonjwa wa namna hiyo haufai kuwa mchezo wa watoto wa jioni. Vaa glavu, na kupe unaowang'oa watumbukize kwenye kopo lenye dawa ya kupe iliyochanganywa au spiriti.

Kijana wako, kama kupe bado yupo, mng'oe kwa kibanio: shika karibu kabisa na ngozi, vuta taratibu bila kunyonganyonga. Usimpake mafuta ya taa wala kumchoma kwa kiberiti. Nyanya zetu walifanya hivyo, lakini kupe akisumbuliwa hutapika ndani ya kidonda. Osha kwa sabuni, kisha mwangalie kwa wiki mbili. Akipata homa, kichwa kikamuuma, tezi zikavimba au pale alipoumwa pakafanya kigaga cheusi, mpeleke hospitali na useme wazi kwamba aliumwa na kupe. Nasisitiza kwa sababu hapa mtu akiwa na homa hupimwa malaria, na isipoonekana hupewa vidonge vya maumivu akarudi nyumbani. Homa ya rickettsia, yaani ya bakteria inayoletwa na kupe wa madoadoa, inatibika vizuri, mradi daktari aifikirie.

Sasa ng'ombe. Utauliza kupe wanafikaje kwa ng'ombe asiyetoka zizini. Kwa nepia na majani ya kando ya barabara, mama, hasa pale mifugo ya wapitaji inapolisha. Yule kupe wa kahawia anayependa sikio, ambaye ndiye mwenye kueneza ndigana, hunyonya wanyama watatu maishani, na kila akishiba huanguka chini. Jike mmoja hutaga mayai kwa maelfu. Mvua ikinyesha, kupe waliokomaa hupanda juu ya majani kumngoja mpitaji.

Lakini ana udhaifu mmoja. Akishajishika, vijidudu vya ndigana huchukua takriban siku nne kukomaa kwenye mate yake. Ndiyo maana msimu wa mvua tunanyunyizia mara mbili kwa wiki. Ng'ombe mzima anahitaji kama lita 10 za dawa iliyochanganywa. Wengi hutumia mbili wakalaumu dawa. Ingia ndani ya sikio, chini ya mkia, kwapani, kwenye kiwele na katikati ya kwato. Na usiipunguze makali ili idumu, kwani hivyo ndivyo kupe wanavyoizoea. Soma kibandiko kuhusu siku za kutouza maziwa.

Ndama wapime joto kila asubuhi mwezi huu. Tezi ya chini ya sikio ikivimba na joto likapita nyuzi 40, mwite daktari siku hiyohiyo. Dawa ya ndigana iitwayo buparvaquone husaidia ikiwahi, kikohozi cha povu kikianza umechelewa. Ipo pia chanjo iliyotengenezwa Muguga, Kiambu: ndama huchomwa vijidudu hai vya ndigana pamoja na antibiotiki ya oksitetrasaiklini. Huchanjwa mara moja na kinga hudumu miaka, kwa hiyo ulizia mkiwa wafugaji kadhaa, maana kifurushi kimoja cha dozi nyingi hugawanywa kwa ndama wengi.

Jambo la mwisho, kwa kuwa Ruai maji mengi huletwa na mikokoteni ya punda: dawa ya kupe iitwayo amitraz ni sumu kwa farasi na jamaa zake. Jirani akikuomba iliyobaki ampake punda wake, mkatalie.