Bahari ya Shamu au Bahari Nyekundu?

SWALI: Mwalimu, redio moja inasema meli imeshambuliwa Bahari ya Shamu, nyingine inasema Bahari Nyekundu. Mwanangu kaniuliza kama ni bahari mbili. Lipi Kiswahili sahihi?

JIBU: Bahari ni moja, ile iliyopita kati ya Bara Arabu na nchi za Misri, Sudan na Eritrea, na majina yote mawili ni Kiswahili.

Shamu ni Sham ya Waarabu, yaani Syria na jirani zake. Kwa asili neno hilo linahusiana na mkono wa kushoto, kama Yemen inavyohusiana na wa kulia: ukikabili mawio ya jua, kushoto kwako ni kaskazini. Chombo kinachotoka huku kwetu huiacha Yemen kikapanda kuelekea Sham. Na kupanda huko kulikuwa na jasho, maana nusu ya juu ya bahari hiyo upepo hutoka kaskazini-magharibi karibu mwaka mzima, wa mbisho mtupu.

Nyekundu je? Wengi huidharau wakidhani ni tafsiri ya Kiingereza. Sivyo. Waarabu wenyewe leo husema al-Bahr al-Ahmar, na Wagiriki wa kale waliiita hivyo hivyo, ila kwao jina lilienea hadi Bahari ya Hindi na pwani yetu hii. Maji yenyewe ni ya buluu. Sababu inayotajwa sana ni vijidudu viitwavyo Trichodesmium, ambavyo vikizaliana kwa wingi kisha vikafa, huacha utando wa rangi ya kutu.

Mimi huandika Shamu, kwa kuwa ndilo jina ambalo wasomaji wa Biblia wamelizoea tangu utotoni. Ukichagua Nyekundu sikukosoi, mradi usiyachanganye mawili hayo katika habari moja, maana hapo ndipo mtoto anapopotea.

Kosa ninalolikosoa ni jingine. Huko kusini bahari hii huungana na Ghuba ya Aden kwa njia nyembamba iitwayo Bab el-Mandeb. Sasa magazeti huandika "mlango wa Bab el-Mandeb". Bab ni mlango! Andika Bab el-Mandeb, inatosha.