Shuti kali: mikono ikazwe au irudi?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Nadakia timu yetu ya mtaa hapa Chumbageni, Tanga. Kocha hunisisitizia nidake huku mikono ikirudi nyuma. Wenzangu wanasema nikilegea nitautema mpira, niikaze. Nani yuko sahihi? Na mbona vidole huwaka moto hata nikivaa glavu?
Kipa, Chumbageni

JIBU: Marahaba. Kocha wako yuko sahihi, na hesabu inambeba.

Mpira saizi 5 una gramu 410 hadi 450. Tuseme 430, nao unakuja kwa mita 20 kwa sekunde, yaani kilomita 72 kwa saa. Nishati mwendo yake ni jouli 86, na lazima ziishie mahali. Ukikaza mikono, mpira ukasimama ndani ya sentimita 5 (nyingi kati ya hizo ni mpira wenyewe kubonyea), gawanya nishati kwa umbali wa kusimama kwa mita, yaani 86 kwa 0.05: kani ya wastani ni Newton 1,720, sawa na uzito wa kilo 175. Ukirudi nao sentimita 30 mpaka kifuani, kani inashuka hadi Newton 287, kama kilo 29. Shuti ni lile lile. Hata chungwa bivu la Muheza ukirushiwa hulipokei kwa kiganja kigumu, labda uwe unataka juisi.

Ila kuna mtego. Sentimita hizo 30 huisha kwa sekunde 0.03 tu, na binadamu huhitaji kama 0.2 ili ashtuke na kutenda. Ukisubiri uguswe ndipo urudi, umechelewa. Mikono iwe mbele ya kifua mapema, viwiko vimekunjwa kidogo, mpira uisukume wenyewe.

Wenzako nao hawakukosea kabisa: kinacholegea ni viwiko na mabega, si vidole. Vitanue nyuma ya mpira, gumba zikikaribiana kama herufi W. Mpira wa chini, geuza: vidole vidogo vikaribiane, uukumbatie.

Kuwaka moto husababishwa zaidi na ncha za vidole kuuelekea mpira. Hapo kani hupita moja kwa moja kwenye mfupa mpaka kwenye kiungo. Glavu haiwezi kuzuia hilo. Sponji yake ni milimita chache, kazi yake kubwa ni kushika. Angalia na upepo wa ndani ya mpira pia: kanuni zinaruhusu kanieneo (presha) ya atmosfia 0.6 hadi 1.1, na mpira uliojazwa kama jiwe haubonyei, kwa hiyo sentimita zako zinapungua.

Shuti linalopigwa hatua tatu nne tu kutoka ulipo usilidake, lipangue pembeni.

Na ncha ya kidole ikiinama, isiweze kujinyoosha yenyewe, usikubali kuvutwa wala kuchuliwa. Nenda hospitali kikapigwe picha. Kano ikiwa imekatika, kidole hufungwa kikiwa kimenyooka wiki 6 hadi 8, bila kukikunja hata mara moja.