Kutambua Land Rover ya zamani kwa namba zake

Ndugu, pole kwa msiba. Umesema kadi ya Land Rover ya marehemu mzee haionekani, na namba ya chasisi iliyo kwenye kibati cha kiwandani inaanza na 252 na kuishia na herufi C. Hiyo ni Series IIA, toleo la 1961 hadi 1971: 109 (inchi kati ya gurudumu la mbele na la nyuma) ya petroli, usukani kulia, ya kuuzwa nje ya Uingereza. Herufi C ni hatua ya marekebisho ya muundo, si mwaka.

Ila kibati kinafunguka na kuhamishwa, usikiamini peke yake. Ingia chini, tazama chasisi pale springi ya mbele kulia inapofungwa. Namba imegongwa kwenye chuma chenyewe. Sugua kutu taratibu kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, kisha pitisha chaki tarakimu zionekane, upige picha. Grinda usiguse kabisa! Ukiila namba, polisi watajua umeifuta makusudi.

Pima pia kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma: 109 ni kama sentimita 277; ile fupi ya 88 ni 224. Injini isikusumbue, nyingi zilishabadilishwa.

Namba ya kibati na iliyogongwa kwenye chasisi zisipolingana, usiuze kwanza. Anza na ukaguzi wa polisi, halafu TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania), ukiwa na barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi.