Baba anasema bora ningesomea uuguzi

SWALI: Shikamoo mama. Nasoma shahada ya afya ya jamii, mwaka wa pili, hapa Dodoma. Tangu homa ya virusi ya Marburg ilipoingia kwetu Bukoba vijijini nimetamani kazi ya kuzuia magonjwa ya kuambukiza. Baba anasema nimepotea, kazi isiyo na sindano si kazi. Nianzie wapi?
Mwanafunzi, Dodoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kama baba anahofia ajira, simpingi. Nafasi zetu hazitangazwi kila mwezi. Lakini hilo la sindano, mkumbushe ya kwenu. Marburg ilitangazwa Machi 21, 2023, ikatangazwa kwisha Juni 2. Wagonjwa walikuwa 9, wakafariki 6. Chanjo iliyoidhinishwa haikuwepo, wala dawa yake. Kazi kubwa ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba kuwapima joto waliotangamana na wagonjwa, kila mmoja kwa siku 21, maana kirusi hicho huweza kukaa mwilini muda wote huo kabla mtu hajaugua.

Mimi nimezeekea kwenye kipindupindu. Darasani mmefundishwa orodha ya wagonjwa: jina, umri, kitongoji, tarehe ya kuanza kuumwa. Hiyo tarehe ndiyo itakutoa jasho. Watu watakupa siku waliyofika zahanati, nawe unataka siku tumbo lilipoanza kuendesha. Tena bibi wa kijijini hakutajii Jumanne, atakwambia, "Ilikuwa kesho yake mnada," au, "Tulikuwa ndiyo tumetoka kuzika kwa jirani." Basi kabla hujapiga hodi, muulize mwenyekiti wa kitongoji minada na misiba ya mwezi ule, uandike pembeni ya daftari. Ukifika kwenye msiba, usiharakishe: nani aliosha maiti, nani alipika, maji yalichotwa wapi. Mara nyingi chanzo utakikuta hapo, na hakuna kompyuta itakayokunong'oneza.

Kompyuta nayo usiidharau. Programu ya Epi Info, ya kuingiza na kuchambua takwimu za wagonjwa, ni ya bure, anza nayo sasa. Mafunzo ya epidemiolojia ya nyanjani, yaani kuchunguza milipuko ya magonjwa huko huko inakotokea, yapo nchini tangu 2008. Hayo yafikirie ukishaajiriwa.

Likizo hii nenda ofisi ya mganga mkuu wa wilaya, uombe kujitolea kwa mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa. Barua ya chuo usiisahau, bila hiyo hata daftari la wagonjwa hawakufungulii.