Shangazi anajibu: Nyota tano haziamki usiku kumgeuza mama

Dallas: Shikamoo shangazi. Nimepata makao ya wazee yenye nyota tano kwenye Care Compare, tovuti ya kulinganisha makao ya Medicare, bima ya afya ya wazee ya serikali ya Marekani. Nimpeleke mama?

Marahaba. Hili ni swali la saba tangu Pasaka, na nyote mmekwama palepale, kwenye nyota ya juu kabisa ya ukurasa. Teremkeni chini. Ile nyota ya jumla imepikwa kwa vitu vitatu: ukaguzi, wafanyakazi na vipimo vya ubora. Vipimo vya ubora, kwa sehemu kubwa, makao yenyewe ndiyo yanayojijazia, yaani mwenye duka ndiye aliyeshika mizani. Ukaguzi hufanywa na watu wa jimbo wanaoingia bila taarifa, lakini nyota zake ni za kulinganisha makao ya jimbo hilohilo: asilimia 10 ya juu hupata tano, asilimia 20 ya mkiani hupata moja, waliobaki hugawana za katikati. Kwa hiyo nyota tatu za Texas si nyota tatu za Minnesota. Na hata jimbo zima likiwa hovyo, asilimia 10 yake itavaa tano.

Nimeshaona makao ya nyota tatu ambayo ukiyafungua unakuta mbili za ukaguzi, mbili za wafanyakazi na tano za kujijazia. Niandikie tena ukishaniletea namba zote tatu.

Columbus, Ohio: Nyumba moja ina makosa 11 ya ukaguzi, nyingine 4. Ya 4 si ndiyo bora?

Inategemea makosa gani. Kila kosa lina herufi yake, kuanzia A hadi L. A hadi C ni madogo. D hadi F hakuna aliyeumia ila angeweza kuumia. G hadi I mtu ameumia kweli. J hadi L maisha ya mtu yalikuwa hatarini pale pale. Ndani ya kila kundi, herufi ya kwanza ni tukio la mmoja mmoja, ya pili limejirudia, ya tatu limeenea nyumba nzima. Mimi nitachukua D kumi na moja kabla ya G moja. Care Compare hukueleza kwa maneno. Herufi yenyewe utaiona kwenye ripoti kamili ya ukaguzi, inayoitwa fomu 2567. ProPublica, chombo cha habari za uchunguzi, nao wana ukurasa uitwao Nursing Home Inspect, ambako unaweza kutafuta neno ndani ya ripoti. Andika "fall" (kuanguka), andika "pressure ulcer" (kidonda cha kulala), kisha kaa chini usome.

Namaanisha usome. Mwaka juzi shoga yangu aliniletea ripoti ya makao aliyokuwa karibu kuyalipia. Ripoti hizi hazitaji majina, mzee ni namba tu. Mkazi namba 23, mpango wake unasema anyanyuliwe kwa mashine na watu wawili. Alinyanyuliwa na mmoja. Akaanguka, nyonga ikavunjika. Mkaguzi akamuuliza yule msaidizi kwa nini hakumwita mwenzake. Akajibu kwamba mwenzake alikuwa upande wa pili wa jengo, na zamu ile walikuwa wawili tu. Herufi G. Kwenye ukurasa wa mbele wa makao yale palikuwa na picha ya bustani ya waridi.

Houston: Maoni ya Google yanawasifu sana. Niyaamini?

Yameandikwa na watu waliokuja Jumapili saa nane mchana. Mama yako atakuwa humo saa tisa usiku.

Worcester: Nilipotembelea niliona wafanyakazi tele na mkurugenzi akaniambia hawana upungufu. Nitahakikishaje?

Ahsante, hatimaye swali. Tangu 2016 makao yote yanayopokea fedha za Medicare au Medicaid (bima ya serikali ya wenye kipato kidogo) lazima yapeleke serikalini saa za wafanyakazi wao za kila siku, kutoka kwenye orodha ya mishahara, kila robo ya mwaka. Kabla ya hapo walikuwa wanajiandikia wenyewe hesabu ya wiki mbili karibu na siku za ukaguzi, na ninyi mnaamini. Siku hizi Care Compare hukuonyesha saa kwa kila mzee kwa siku.

Sasa usilewe na hilo neno saa. Chukua nyumba ya wazee 60 yenye saa 2.1 za CNA, yaani wasaidizi wa wauguzi wanaoosha, kulisha na kugeuza wazee. 60 mara 2.1 ni saa 126. Gawa kwa zamu ya saa 8: watu 16 hivi kwa siku nzima. Asubuhi 7, jioni 6, usiku 3. Usiku kila mmoja ana wazee 20. Mwenzao akienda kula, wawili waliobaki wana 30 kila mmoja. Kama mama yako ni wa kugeuzwa kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulala, piga hesabu yeye ni wa ngapi kwenye foleni.

Tangu 2022 kuna pia saa za wikendi na asilimia ya wafanyakazi walioacha kazi ndani ya mwaka. Mimi huanzia hapo, kabla ya nyota yoyote. Nusu ya wauguzi wakiondoka kila mwaka, nani atajua kwamba mama akinyamaza ndipo anaumwa? Angalia na saa za RN, yaani wauguzi waliosajiliwa, ukikumbuka kwamba mkurugenzi wa wauguzi anayeshinda ofisini naye amehesabiwa humo.

Halafu nenda mwenyewe, Jumamosi saa moja jioni, bila kupiga simu. Sheria inawataka wabandike kila siku, mahali panapoonekana, idadi ya wazee na ya wauguzi wa kila zamu. Isome ile karatasi, kisha hesabu vichwa kwenye korido. Namba zisipolingana, uliza. Karatasi ikiwa ya Alhamisi, huna haja hata ya kuuliza.

Wala msisubiri Washington iwaokoe. Mwaka 2024 ilipitishwa kanuni ya angalau saa 3.48 za uuguzi kwa kila mzee kwa siku. Aprili 2025 mahakama moja ya Texas ikaifuta, na Julai Bunge likazuia isitekelezwe hadi 2034. Kilichobaki kwenye sheria ya shirikisho ni RN kwa saa 8 kwa siku na muuguzi mwenye leseni muda wote. Kwa CNA hakuna namba, kuna neno "wa kutosha". Wa kutosha kwa nani, hawakusema.

Minneapolis: Mimi ni CNA. Mbona wakaguzi wa jimbo wakija tunakuwa wengi ghafla?

Unaniuliza mimi? Nimefanya kazi hii miaka 19. Kwenye nyumba moja niliyopita, ikisikika tu "state wako mlangoni", mhasibu alikuwa anavaa glavu na kugawa sinia za chakula. Mkurugenzi aliyekuwa hajui choo cha wageni kiko wapi unamkuta anajibu kengele za vyumbani. Ndiyo maana nawaambia orodha ya mishahara ni shahidi mgumu kuliko macho ya siku moja. Kama zamu yako ni hatari, piga simu ya malalamiko ya jimbo. Unaweza kutotaja jina. Taja tarehe, zamu, idadi ya wazee na idadi yenu. "Kazi ni nyingi" si lalamiko.

Seattle: Nimelitafuta jina la nyumba kwenye Care Compare sijaliona. Ni ya kitapeli?

Si lazima. Kwa upande wa makao ya wazee, Care Compare huonyesha yale ya uuguzi yanayopokea fedha za Medicare au Medicaid. Nyumba za wazee wanaojiweza kiasi, na hizo adult family homes za kwenu jimbo la Washington zenye wazee sita hivi, leseni yake ni ya jimbo na rekodi zake ziko kwenye tovuti ya jimbo. Huko hamna nyota wala saa za mishahara, kwa hiyo ripoti za ukaguzi ndizo ngao yako pekee. Zisome hata kama mwenye nyumba ni wa kwetu, mnaswali msikiti mmoja na amekukaribisha pilau. Tena zaidi hapo, maana mtaona haya kuulizana.

Lowell: Ndugu nyumbani wananisema kwamba nimemtupa baba. Kuna rekodi ya kuwaonyesha?

Hakuna. Waulize ni nani kati yao anakuja zamu ya usiku.

Atlanta: Ofisi imenipa makaratasi ya kusaini leo leo ili nafasi isipotee.

Hukuuliza, ila nitasema. Mna karatasi mbili za kutazama. Ya kwanza ni ile ya kukubali kwamba mkigombana mtaenda kwa msuluhishi na si mahakamani: hawaruhusiwi kuifanya sharti la kumpokea mzee, na ukiisaini una siku 30 za kuitengua. Ya pili ni ile inayokutaka ulipe deni la mzazi kwa mfuko wako. Hiyo nayo sheria inawakataza kuidai. Ukisaini kwa niaba yake, andika hivyo wazi pembeni ya sahihi.

Birmingham, Uingereza: Na sisi?

Angalieni CQC, wakaguzi wa huduma za matunzo wa England, na mtazame tarehe ya ukaguzi kabla ya daraja. Sifa ya miaka minne iliyopita ni ya meneja aliyekwisha ondoka.

Phoenix: Kuna alama ya mkono mwekundu karibu na jina. Ni nini?

Walikutwa na kosa la unyanyasaji. Nyumba inayofuata.